Samaki Aliyelala Ubavu

"Hakufa! Alikuwa amelala, Leonia, na wewe umemtoa ukawatupia kuku!"

Bi Mwanamkuu alikuwa amesimama uani, mkoba wa safari bado begani, ametoka Isikizya arusini. Mimi nilikuwa mpangaji wake hapo Kanyenye, chumba cha nyuma, mwaka wa sita. Aliniachia samaki wake siku tatu tu.

"Amelala gani, Bi Mwanamkuu? Kajilaza ubavu, macho kodo, rangi imempauka. Wewe ungesema nini?"

"Ningemtazama mashavu! Samaki hana kope, atafumba nini? Anatulia chini tu, mashavu yanacheza polepole. Ungengoja mwanga uingie, angeinuka."

"Mimi samaki ninayemjua ni wa kwenye sufuria," nikamjibu. "Naye hulala macho wazi, na haamki."

Kinywa changu hicho! Laiti ningekifunga siku ile.

Bi Mwanamkuu aliosha maiti wa kike wa mtaa wetu kwa miaka thelathini. Hakuuliza ni wa tajiri au wa fukara. Akiitwa, anaacha chai yake mezani anakwenda. Hakuchukua kitu ila kipande cha sabuni kilichobaki. Mpole hakuwa: mchele wenye mawe aliurudisha dukani kwa maneno makali. Lakini mikono yake ndiyo iliyofumba macho ya nusu ya mabibi wa Kanyenye, na ya binti yake wa pekee pia, Najiat, aliyefariki kwa uzazi, yeye na kichanga chake. Wenzake walimwambia akae nje siku hiyo, akakataa. Ila macho ya Najiat, aliniambia, hayakufumbika sawasawa. Aliyabonyeza mara tatu, yakabaki na upenyo.

Samaki alikuwa wa Najiat. Alimnunua Mwanza, mwenye milia, urefu wa kidole. Kila baada ya sala ya alfajiri, mama yake alivuta kiti mbele ya tangi la kioo, akamngoja samaki aamke. Anamwona kajilaza macho wazi. Mwanga ukiingia, anatikisa mkia, anapanda juu kudai chakula.

"Huyu huamka," alikuwa akisema. Mimi nilidhani ni uzee.

Basi nikaagiza mwingine kwa dereva wa basi la Mwanza, wa milia hivyo hivyo. Bi Mwanamkuu hakumtazama mara mbili.

"Rudisha. Huyu simjui. Deni lako kwangu halilipwi Mwanza."

Mwingine angehama. Mimi nilibaki, kwa ubishi tu. Ikawa shikamoo, marahaba, basi.

Mwaka huu moyo ukamsumbua, miguu ikavimba. Mpwa wake, Majidi, anakaa Isikizya, anafika Jumamosi. Uji, dawa na kuogeshwa vikaniangukia mimi, Mkatoliki wa Ulyankulu. Habari ya samaki hatukuigusa.

Jumamosi moja mchana natoka kuchota maji, nasikia kilio. Majidi na majirani wawili wamejaa chumbani. Majidi kashika shuka tayari kumfunika uso. Bi Mwanamkuu kalala, macho nusu wazi, midomo mikavu. Nikapiga magoti, nikamtazama shingoni. Nikangoja. Nikangoja tena. Mshipa ukacheza, polepole.

"Ondoa hiyo shuka," nikamwambia Majidi. "Amelala. Na tokeni, mnamziba mwanga."

Waliniona nina kichaa. Nilikaa kitandani pake hata jua likazunguka dirisha la pili. Akapepesa macho. Akauliza nani aliyekuwa akipiga makelele.

"Majidi. Alishataka kukufunika."

"Mjinga yule," akasema, akacheka kidogo, kifua kikamkoroma.

Alhamisi yake alituacha kweli, na macho yake niliyafumba mimi kabla wanawake wa kuosha hawajafika. Lakini Jumamosi ile alinishika kidole, hakukiachia upesi.

"Lile deni la samaki, Leonia," akasema, "nimelifuta."