Nyufa za Mtoto wa Dinosaria

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Idara alinisimamisha mbele ya mfupa wa paja la dinosaria, mrefu kunizidi, kisha akanisogeza kando ili apigwe nao picha. Ningepaswa kujua tangu hapo! Kazi yangu ilikuwa kusafisha na kuhifadhi visukuku, mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe. Ilinipeleka kusini kwenye uchimbaji, ikanipeleka Dodoma, mwishowe ikanileta makumbusho moja hapa Mwanza. Kila mkuu niliyemkuta alitaka mnyama mkubwa tu.

Mimi nikapata mdogo. Aliletwa karibu mzima, kimo cha ndama, ndani ya maganda ya plasta tunayofungia mifupa isivunjike njiani. Nilimtoa kwenye udongo kwa sindano na brashi. Kila pingili ya uti wa mgongo ilikuwa haijaungana na tao lake, ule upinde wa mfupa unaokaa juu yake. Katikati kulikuwa na mwanya. Mwanya ule ndio wenye habari, kwa sababu unaonyesha mnyama alikuwa bado anakua. Bila watoto hatujui viumbe hawa walikuaje, na tunaweza kumpa mtoto jina jipya tukidhani ni aina nyingine kabisa.

Mhifadhi Mkuu, Msukuma wa Magu aliyekulia kwenye ng'ombe, akaja kukagua kabla ya ufunguzi.

"Mama, mbona ana nyufa? Zizibwe kwa plasta."

"Si nyufa, Mkuu. Huyu ni mtoto."

"Wageni watasema tumewaletea kitu kibovu."

"Ukichemsha miguu ya ndama, vichwa vya mifupa si vinabanduka? Na ya ng'ombe mzee?"

"Ya mzee haibanduki ng'o!" Akacheka. "Kumbe! Nimekuelewa, Mama."

Nikaenda Bukoba kumzika shangazi, roho imetulia. Kurudi, nakuta plasta imekauka, imepakwa rangi ya mfupa, na kibao kimeandikwa: Dinosaria wa Aina Ndogo. Jamani!

"Nilikuelewa kabisa," akaniambia bila aibu. "Ila wageni si wafugaji."

Nilikasirika. Nikaanza kuikwangua plasta ile kwa sindano, nikastaafu nimefika katikati ya mgongo. Kibao hakuna aliyekigusa.

Siku hizi natoka kwangu Nyegezi, naingia kama mgeni yeyote, nasimama pale nawaeleza watu.

"Shikamoo, bibi. Tafadhali usiguse kioo," ananiambia kijana wa mapokezi.

"Marahaba. Na wewe usidanganye watu."

Juzi alikuja mama mmoja muuza dagaa, kabeba mtoto mgongoni. Nikamwonyesha mianya niliyoifungua, nikamweleza.

"Kwa hiyo hakuwahi kukua?"

"Hakuwahi."

Akapeleka mkono nyuma, akampapasa mwanawe. "Maskini, pole yake." Kisha akawageukia watu waliokuwa wakiinama kusoma.

"Hicho kibao achaneni nacho," akasema. "Huyu ni mtoto."