Siku Niliyofunga Geti la Wakwe

Kuna boma moja kule Theta ambalo likitajwa tu masikio yananiwaka moto, na kabla hamjaanza kucheka wacha niseme mwenyewe: ujinga ulikuwa wangu. Hasira niliyo nayo mpaka leo, nusu ni kwa wezi wa Ruiru na nusu ni kwangu mwenyewe.

Mnajua pikipiki yangu ya kwanza iliibwa. Iliibwa nje ya kanisa (nje ya kanisa, jamani!), Jumapili asubuhi, tukiwa tumefumba macho tunaombea amani ya nchi, na niliposema amina nikatoka, nikakuta tone la oili tu pale nilipoiegesha. Miaka miwili mimi, fundi wa mabomba, nikazunguka Gitothua nzima na mabomba begani. Kwa hivyo niliponunua ya pili nikanunua na mnyororo mnene, na kufuli kubwa ambalo ukilibana tu linajifunga lenyewe, na tangu siku hiyo sikusimama mahali bila kufunga. Kwa kinyozi nafunga. Nikinunua mandazi mawili nafunga, mama wa mandazi ananiangalia kama mgonjwa.

Sasa ikafika siku ya ruracio, siku ya kwenda kwao Wairimu, msichana wangu, pamoja na wazee wangu kumposa rasmi, baada ya mwaka mzima wa kujificha. Ami yangu Njoroge, ambaye ndiye alikuwa msemaji wetu, alinionya mapema: "Wewe panda gari na sisi. Hiyo pikipiki iache nyumbani." Nikasema hapana, nyumbani hakuna wa kuichunga. Hapo ndipo nilipoharibu, na niliharibu nikijiona mwerevu.

Tulifika, tukaimba pale getini, kama ilivyo desturi, mpaka akina mama wa ndani wakaridhika wakatufungulia. Boma lilikuwa limejaa hema na viti, kwa hivyo magari na pikipiki vikabaki nje. Mimi nikavaa shati langu la kushonewa kwa siku hiyo, jaketi nikaliacha ndani ya gari la binamu yangu Kariuki, tukaingia, tukaketi, na mzee mmoja akasimama akasema, "Tufumbe macho tuombe."

Hayo maneno! Mwili mzima ulinikumbusha kanisa. Wote wakafumba, mimi nikafumbua, nikanyata hadi nje, nikavuta geti nyuma yangu, nikatafuta mahali pa kufungia. Ua ni wa miti, hauna kitu kigumu hata kimoja. Kigumu kilikuwa geti. Nikapitisha mnyororo kwenye gurudumu la nyuma, nikauzungusha kwenye vyuma vya milango yote miwili ya geti, nikabana kufuli, ta! Nikasikia amina kutoka ndani, ndipo nikagundua niko nje. Nikatafuta ufunguo mfukoni. Ufunguo ulikuwa kwenye jaketi, jaketi lilikuwa kwenye gari, na gari halikuwepo, Kariuki alikuwa ametumwa Juja mara tulipoketi, kuleta soda zilizosahaulika.

Nikajiambia atarudi kabla mtu hajajua. Nikazunguka nyuma, nikapenya pale kwenye pengo la ua karibu na zizi la ng'ombe, nikaketi mahali pangu nikijipangusa majani.

Haukupita muda gari likapiga honi nje. Alikuwa cucu yake Wairimu, mama mzazi wa baba yake, ametolewa Kalimoni, na bila yeye hakuna neno lingesemwa siku hiyo. Akina mama wakakimbia na vigelegele kufungua. Wakavuta. Wakavuta tena. Vigelegele vikanyamaza.

"Haiya! Kwani ni nani amefunga kwa nje?"

Cucu naye akaongea kutoka upande wa pili, "Kama hamnitaki si mngesema nikae kwangu?"

Ilibidi niinue mkono kama mtoto wa shule. Baba Wairimu akaniangalia polepole, kutoka viatu hadi kichwa.

"Hiyo pikipiki ni yako?"

"Ndiyo, baba."

"Umeifunga hapo nje?"

"Ndiyo, baba."

"Na wewe uko hapa ndani. Umeingilia wapi?"

Jamani, ningesema nini? Nilionyesha zizi. Watu zaidi ya hamsini wakageuka kutazama zizi, na pazia la chumba alichofichwa Wairimu na wasichana wenzake likavutwa kwa nguvu. Kumbe pengo lile lilikuwa na kesi. Jirani yao, Mzee Gathogo, ambaye alikuwa ameketi pale na wazee, akasimama akimnyooshea kidole Baba Wairimu: "Mwaka mzima unaniambia ni mbuzi zangu zinaharibu ua! Mwaka mzima! Mbuzi ni huyu!"

Tukapigia Kariuki. Simu yake ikalia hapo hapo kwenye hema, alikuwa ameiacha kwa chaji. (Ningekuwa na jiwe ningeivunja.) Wakamwomba cucu apitishwe kule zizini, akakataa katakata: "Kwa mtoto wangu mimi naingilia getini." Akakaa kwenye gari, juani, zaidi ya saa nzima, na hakuna aliyegusa chakula, mpaka Kariuki akatokea na kreti zake akipiga honi kwa furaha, mjinga yule.

Nilifungua kufuli. Cucu akaingia bila kunitazama. Kila mtu alipoketi, Baba Wairimu akasimama, na hakupaza sauti hata kidogo.

"Hapa kwangu hakuna mgeni amewahi kupoteza hata kofia. Huyu kijana ametuona sisi wezi. Kama hawezi kutuachia pikipiki masaa mawili, mimi nitamwachia msichana wangu vipi?"

 Tukaambiwa tule, kisha twende, mambo mengine yatazungumzwa siku nyingine, na hiyo siku hawakuitaja. Tulikula kama watu wa matanga. Wairimu hakutoka kutuaga.

Jioni nikiwa nyumbani, kwenye simu ukaingia ujumbe wa Wairimu, mstari mmoja: "Pikipiki imefika salama?"

Na mimi, kichwa maji, kabla sijafikiria, nikajibu ndiyo.

Hajaandika tena, sasa ni wiki ya tatu. Ami ametuma mzee aende akatuombee siku nyingine, na wakikubali nitaenda Theta kwa miguu, nianze safari alfajiri kama ni lazima, na pikipiki niiache nje ya mlango wangu bila hata kamba. Wanaotaka kuiiba waje waichukue.