Mwanangu alipigia chafya jina ambalo kwetu halikuwahi kuitwa: safari yetu hadi kwa babu Kaburu

Wakuu, salamu kutoka Eldoret. Huku kumenyesha tangu mchana, kazi hakuna, na nimeamua leo nitoe hiki kitu kifuani.

Sitaongeza chumvi. Majina ya walio hai nimeyabadilisha, mengine nimeyaacha yalivyo. Ndugu wa Tanzania mnivumilie Kiswahili changu, mimi ni fundi wa trekta, siyo mwandishi.

Mimi ni Mnandi. Nyumbani ni Kesses, kule upande wa chuo, siku hizi kumejaa nyumba za kupangisha wanafunzi. Ukoo wetu una kitu kimoja: tu weupe weupe. Shuleni nilikuwa naitwa Brown. Babu mzaa baba alikuwa mweupe zaidi, na macho yake yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Ukiuliza, unaambiwa Mungu hugawa rangi anavyotaka. Tukaridhika, maana nani ana muda wa kubishana na Mungu.

Mke wangu nilimtoa Munyaka, mtaa wa Wakikuyu hapa mjini. Nitamwita Wairimu, Mkikuyu, binti wa mwenye duka la hardware. Baba yangu alimkubali kabla hajafariki. Kaka yake baba, ambaye namwita Baba Mkubwa, hakumkubali. Alikula wali wa harusi amenuna, na akaongezewa.

Ukaja uchaguzi wa 2007.

Yaliyofuata mliyaona kwenye TV. Sisi tuliyaona dirishani. Majirani waliokuwa wakiazimana chumvi wakaanza kuulizana asili. Duka la baba mkwe likachomwa. Wairimu alikuwa na mimba kubwa, akakimbilia kambi ya waliofukuzwa pale showground na wazazi wake, wakapewa hema. Mimi singeweza kuingia huko nikiwa Mnandi, na yeye hangeweza kuja kwetu akiwa Mkikuyu. Mtoto wangu alizaliwa nikiwa upande mwingine wa mji, nimekaa na simu mkononi kama mjinga.

Nilipomwona mara ya kwanza, tayari alikuwa anajua kucheka.

Mambo yalipotulia nilienda kumwomba Wairimu turudi nyumbani. Hakulia wala hakunitukana. Aliniambia hivi, na maneno yake bado nayasikia:

"Sirudi mahali mtoto wangu ataitwa mgeni. Watu wenu wampee jina, mbele ya kila mtu. Wakimkataa, naenda na yeye Nyahururu, na wewe usinifuate."

Hapo lazima nieleze desturi, ndiyo muelewe.

Kwetu mtoto akizaliwa, akina mama wa upande wa baba humzunguka na kuita majina ya wafu wa ukoo, moja moja. Ugoro kidogo huwekwa puani. Jina litakaloitwa mtoto akapiga chafya, basi huyo ndiye aliyerudi. Hakuna mwanamume anayeweza kulipinga, hata awe nani. Na sisi ni Wakristo wa viti vya mbele, lakini hii tunafanya, halafu Jumapili mtoto anapelekwa kubatizwa. Msiniulize zinakaaje pamoja. Zinakaa.

Kwa kawaida hufanywa mtoto akiwa mchanga kabisa. Wetu alikuwa amechelewa kwa sababu ya hema.

Nilimpelekea Baba Mkubwa ombi nikitegemea kufukuzwa. Akanishangaza, akakubali.

"Wacha aitiwe majina," akasema. "Akipiga chafya kwa jina ya mtu wetu, mimi nitanyamaza. Asipopiga, arudi kwa shosho yake."

Shosho ni bibi kwa Kikikuyu, alimaanisha mama yake Wairimu. Nilielewa baadaye kwa nini alikubali. Alikuwa na hakika. Kichwani mwake, hakuna mfu wa ukoo wetu angejisumbua kurudi kupitia tumbo la Munyaka.

Siku yenyewe Wairimu alikuja na mtoto mgongoni, amevaa vizuri kama anayeenda mahakamani. Akaingia nyumbani kwa Kogo, yaani nyanya yangu, mjane wa yule babu mwenye macho ya chai. Humo ndani walikuwa Kogo, shangazi zangu, Wairimu na mtoto. Sisi wanaume tulikaa nje ukutani, chini ya dirisha lililo wazi.

Wakaanza kuita. Tulikuwa tunasikia kila jina. Kina fulani waliokufa kabla hata lami haijafika Kesses. Kimya. Jina la babu. Kimya. Kisha likaitwa jina la baba yangu, na wakuu, niliinua kichwa kuelekea dirishani. Nilikuwa nimejiambia kama kuna mtu atarudi kuniokoa ni yeye.

Kimya.

Nilihisi kama nimefiwa naye mara ya pili. Baba Mkubwa alinyoosha miguu yake, akaanza kuchokonoa meno. Shangazi akasikika akisema majina yamekwisha.

Ndipo sauti ya Kogo ikasema bado kuna mmoja.

Akaita, "Kobus."

Mtoto akapiga chafya. Siyo ndogo. Tuliisikia hadi nje, ikafuatwa na nyingine.

Shangazi zangu hawakupiga vigelegele. Hakuna aliyejua Kobus ni nani. Baba Mkubwa alisimama akasema kwa dirisha hilo si jina la mtu wetu, mama amezeeka, amechanganyikiwa.

Kogo akatoka mwenyewe, polepole, akashika mlango. Mimi nilimjua Kogo kama mtu wa utani. Siku hiyo uso wake haukuwa na utani.

"Kobus ni baba ya baba yako," akamwambia. "Kaburu. Yule wa ile shamba mbele ya Kimumu."

 

Alitueleza akiwa amesimama pale pale mlangoni. Kobus aliletwa akiwa mtoto, wazazi wake wakitoka Afrika Kusini na magari ya kukokotwa na ng'ombe, pamoja na wale Makaburu wa kwanza ambao serikali ya mkoloni iliwagawia mashamba huku. Wazee wetu hadi leo wanauita mji huu Sisibo, kutokana na namba ya shamba la mzungu mji ulipojengwa, sixty-four. Ardhi ilikuwa ya watu wetu. Wakaondolewa, kisha wakarudishwa humo humo kama vibarua. Kobus akakua, akarithi shamba.

Mama yake babu alikuwa msichana wa kukamua ng'ombe kwenye shamba hilo. Kogo hakusema walipendana. Alisema msichana yule hakuwa na mahali pa kukataa.

Mtoto akazaliwa mweupe. Kaka ya msichana akamchukua awe wake, akampa ukoo, na ndio huo ukoo ambao Baba Mkubwa alikuwa akiuringia barazani. Babu alichunga ng'ombe za baba yake mzazi mpaka akawa kijana. Kobus alikuwa akimwita boy. Hakuwahi kumwita kwa jina hata mara moja. Baadaye trekta ilimpindukia Kobus mteremkoni akafa (na mimi ndiyo hii kazi yangu, fikiria), na uhuru ulipokaribia mke wake na watoto wake wazungu wakauza wakaondoka. Babu akahamia Kesses mahali hawamjui, akaoa, akamwambia Kogo peke yake. Akamfunga mdomo.

Baba Mkubwa alikuwa amekaa chini tena. Kogo akamalizia:

"Yeye hakumwita mtoto wake. Leo sisi tumemwita."

Hapo ndipo vigelegele vilipoanza, vya shangazi mmoja tu, halafu wengine. Mtoto akapewa jina Kipchumba, ambalo huku hupewa mtoto anayehusishwa na wazungu. Ni jina la kawaida sana, hakuna anayeshtuka akilisikia. Baba Mkubwa alikuwa ameahidi kunyamaza, akanyamaza. Wairimu akalala Kesses siku hiyo.

Sasa nisiwadanganye kwamba nilifurahi. Kuna binamu yangu alisikia habari hii, swali lake la kwanza likawa kama tunaweza kupata passport ya Afrika Kusini. Mimi nilikuwa na hasira. Nilijitazama kwenye kioo nikaona sura ya mtu aliyemwita babu yangu boy. Sikuwa nimeomba kuwa na mtu huyo usoni.

Miezi ikapita. Asubuhi moja Baba Mkubwa akaja karakana kwangu amevaa gumboots. Akasema twende tukamwone huyo mtu.

Shamba lile lilishanunuliwa na watu likakatwa vipande. Tuliuliza-uliza mpaka tukafika kwa mama mmoja Mluhya mwenye kiploti cha mahindi. Akatuonyesha katikati ya mahindi: jiwe la kaburi, na mibarika imeota juu yake. Alisema yeye hulima akizunguka, kwa sababu mtu halimi juu ya mfu hata kama hamjui. Maandishi yalikuwa yamelika, lakini jina la kwanza lilisomeka.

Baba Mkubwa aling'oa ile mibarika kwa mikono. Hakuomba wala hakutema mate, na mimi nilitarajia mojawapo. Akapangusa udongo kwenye jiwe.

"Sasa mimi nilikuwa nafukuza nani?" akauliza.

Sijawahi kumwuliza alikuwa wapi siku lile duka lilipochomwa. Najua alitoka asubuhi akarudi jioni, na nguo zake zilinuka moshi. Lakini siku hiyo mji mzima ulinuka moshi. Hilo nimeamua nikae nalo, na linanikalia vibaya mpaka leo.

Tulihamia Kimumu baadaye. Kila uchaguzi ukikaribia Wairimu alikuwa akipanga begi na kuliweka nyuma ya mlango. Sikuwahi kumkataza, ningemwambia nini? Uchaguzi wa juzi, Baba Mkubwa alikuja bila kuitwa. Mzee mzima, na fimbo yake, eti amekuja kumsalimia mjukuu. Akaweka kiti getini, akakaa hapo mpaka matokeo yakatangazwa na watu wakarudi kazini. Chai alipelekewa na Wairimu, huko huko getini. Begi lilibaki juu ya kabati.

Kogo alifariki baada ya hapo, amekula chumvi nyingi. Tulipotoka kumzika ndipo Wairimu aliponiambia alichokiona siku ile mle ndani.

Majina yalipokwisha, shangazi walianza kukusanya shuka zao. Kogo akamtazama Wairimu machoni, kisha akachota ugoro mara ya pili. Siyo ule wa kugusisha. Alichota kama anayetia chumvi kwenye sufuria. Akamsogezea mtoto puani, akasubiri pua ianze kukunjamana, ndipo akaita Kobus.

Nilimwuliza Wairimu kwa nini hakuwahi kuniambia miaka yote hiyo. Akasema Kogo hakumwomba anyamaze, alinyamaza kwa kumheshimu. Aliona tu kwamba yule mama angeweza kuita jina lolote safi la ukoo, na mtoto angekubalika. Lakini Kogo akachagua lile la kumwaibisha yeye mwenyewe na nyumba yake yote, ili hata kesho asiwepo mtu kwetu wa kumwita mwingine mgeni.

Baba Mkubwa hana smartphone, haya hatayasoma, kwa hiyo msinichome kwa kumwambia.

Nilichojifunza ni hiki tu. Nilienda kutafuta asili ili mtoto wangu apate mahali pa kusimama, nikakuta sisi wenyewe tumesimama juu ya mtu aliyechukua na mtu aliyechukuliwa, wote wawili. Siwezi kumtoa mmoja nibaki na mwingine. Kipchumba nimeshamweleza yote, hadi hiyo ya ugoro. Alicheka, kisha akaniomba nimpeleke kwa lile jiwe. Tulienda. Mahindi yalikuwa yamevunwa, na yule mama alikuwa bado hajalima hapo katikati.

Karibuni mniambie, hata mnaotaka kunitukana. Ila mkijibu, nijibuni na hili: kwenu, mkikaa kuita majina ya wafu, ni jina la nani mnaloliruka?