Aliyegonga Kutoka Ndani ya Mashua

Mungu asifiwe, aliyenipa uhai nikaweza kusimulia haya. Nayasema kama yalivyonipata. Mimi ni mzee wa kanisa hapa Kagondo, Bukoba, na kwa umri huu uongo ungenifaa nini?

Usharika ulinituma Muleba, ufukweni mwa ziwa, kukagua mashua ya tanga iliyokuwa inauzwa. Tulitaka ivushe kwaya yetu kwenda visiwani. Ilikuwa kuukuu, mashua ya safari ndefu, na zamani ilishinda mashindano ya sikukuu. Mwenyewe, nitamwita Kato, alikuwa ameivuta nchi kavu na kuipaka rangi mpya ya buluu.

Nikaanza kuipapasa ubao kwa ubao. Kato akacheka, akaniita baba kwa Kihaya. "Tata, unanunua au unaposa?" Kisha akaenda nyumbani kuleta akamwani, buni za kutafuna, maana kwetu mgeni haondoki bila hizo.

Nikabaki peke yangu, jua bado kali. Nikagonga ubao kwa mpini wa kisu, nisikie kama ni mzima. Kutoka ndani, mtu akagonga palepale. Nikadhani Kato amerudi kimyakimya kunisaidia. Nikasogea, nikagonga, naye akagonga. Tukaenda hivyo, mimi nje, yeye ndani, na niamini, niliufurahia msaada ule. Nilipofika chini, karibu na mkuku, ule mti wa chini unaoshika mbao zote, nikagonga. Kimya. Nikarudia. Kimya. Ndipo sauti ya mwanamume ikasema taratibu, "Hapo, tata. Choma kisu."

Nikachoma. Kisu kikazama hadi mpini, kama kwenye ndizi mbivu.

Nilipoinua kichwa, nilimwona Kato kwa mbali, ndiyo kwanza anatokea migombani, kikapu mkononi. Nikachungulia ndani ya mashua. Hapakuwa na mtu. Wewe ungefanya nini? Mimi niliishikilia mashua ileile.

Alipofika nikamweleza yote. Hakunibishia. Alikiweka kikapu chini kabla hatujatafuna, kwa sababu kwetu waliotafuna buni pamoja hawadanganyani. Akasema zamani yeye na kaka yake walikuwa wakiikagua hivyo, kaka ndani, yeye nje. Kaka alikufa maji katika mashindano ya mwisho ya mashua hiyo, na maji yaliingilia hapo nilipochoma.

"Ubao sikuubadilisha, tata," akasema. "Nilijua ni ya kwaya, na bado nikapaka rangi."

Sikuinunua. Kato mwenyewe aliipasua kwa shoka, nikiwapo. Aliyegonga ni nani, sijui. Mimi siwaiti wafu, nawe usiende kuwaita kwa sababu ya kisa hiki. Najua tu kwamba wanakwaya wetu wote ni wazima, na kila wanapovuka, kwa mashua nyingine, mimi hubaki ufukweni nikiomba hadi warudi.

Wewe unayetafuta mashua ya zamani, usiridhike na rangi. Ikwangue, ingia ndani, gonga kila ubao, na moyo ukikosa amani, ondoka bila kuona haya. Bwana akuvushe salama, wewe na wote utakaowapakia. Amina.