Mshenga Chini ya Gari

Ilikuwa saa saba na dakika ishirini mchana nilipotamka "Hebu nichungulie chini," na aibu yote iliyofuata ilianzia hapo. Naikiri, lakini msitarajie nijute. Nilikuwa mshenga wa mpwa wangu Hamisi. Tulikuwa Scarborough, huku ughaibuni, kwa Mzee Nassoro, tumeshamposa binti yake, tunangoja jibu na chakula, na Mzee akatushusha kwenye maegesho ya chini ya jengo atuonyeshe gari lake la Kimarekani la zamani, alilolipandisha juu ya stendi kwa majira ya baridi.

"Giaboksi yake ni ile imara, ya mashindano," akamwambia Hamisi. "Muuzaji alinihesabia bolti za kifuniko. Saba!"

Mimi ufundi sikuusomea (nimejifundisha mwenyewe, kwa vitabu na kwa kufungua magari ya watu walioniruhusu), lakini najua kwamba hata giaboksi ya kawaida huwa na bolti saba, na kinachozitofautisha ni mkono wa rivasi: kwenye ile imara umekaa peke yake huko nyuma, kwenye ya kawaida mikono yote mitatu iko pamoja kwenye kifuniko cha pembeni. Ningeweza kunyamaza. Nikalala chali na kanzu yangu nyeupe, nikawasha tochi ya simu.

Mitatu. Yote kwenye kifuniko.

"Mzee," nikapaza sauti kutoka huko chini, "hii ni ya kawaida. Umeuziwa maneno!"

Nilisikia viatu vya kike, vingi, maana mashangazi wa binti walikuwa wameshuka kutuita mezani, nami katika haraka ya kutoka kanzu ikanasa kwenye vyuma, nikavuta, ikachanika mpaka kiunoni, nikajitokeza mbele ya wakwe nikiwa na bukta na oili kifuani.

"Mshenga amekuja kuposa au kukagua?" shangazi mkubwa akauliza. "Na binti yetu naye utammulika na tochi?"

Wakacheka wote isipokuwa Mzee, aliyesema jibu la posa litasubiri.

"Anko, plizi," Hamisi akaninong'oneza, karibu kulia, "sema tu umekosea."

"Nimekosea kuingia chini na kanzu," nikasema, wote wasikie. "Giaboksi sijakosea."

Tukapanda juu, tukala (mimi nimefungwa khanga ya mtu), na mashangazi wakaamua kwamba mshenga aliyemvunjia mwenyeji heshima apigwe faini. Mzee akatoweka. Aliporudi, shati lake lilikuwa na oili mgongoni.

"Mitatu," akasema. Halafu akamgeukia Hamisi: "Posa tumeikubali. Faini ya mjomba wako iko palepale."

Sitalala tena chini ya gari la mkwe nikiwa na kanzu. Nitakwenda na ovaroli. Faini nililipa papo hapo, bila kuomba kupunguziwa: dola mia tatu.