Nilifunga bangili za landlady kwa blada, zikageuka nyeusi, sufuria ya mrenda ikaniokoa

Wakuu, habari za humu. Hii ilinipata mimi mwenyewe hapa Kibera, sijaongeza chumvi. Chumvi ilitumika, lakini nitafika hapo.

Mimi hufanya kazi kwa lab ya shule moja ya upili. Landlady wangu ni Mnubi, tumwite Mama Halima. Ana bangili mbili za fedha alizoachiwa na mamake.

Miezi michache iliyopita moja ililegea kishikizo. Nikamwambia namjua fundi mzuri Kawangware, Odhiambo. Akanipa zote mbili, na kwa mama yule, kukupa kitu hicho ni kukuamini kweli.

Odhiambo alitengeneza nikiangalia. Nikaziweka pamoja, na ili zisigongane kwa boda nikazizungushia blada, ile mipira ya tube ya ndani ya tairi tunayofungia kila kitu, kuanzia mitungi hadi magodoro.

Mama Halima akaziweka hivyo hivyo kwa mkebe wa biskuti, akafunga. Zilikuwa za mjukuu wake, avae siku ya nikah.

Siku chache kabla ya harusi, Jumamosi asubuhi, naitwa. Mkebe uko wazi mezani. Bangili ni nyeusi kama sufuria ya makaa.

"Hizi si zangu," akasema. Hakupaza sauti, na hiyo ndiyo iliniogopesha. "Mamangu alikwaruza mistari mitatu ndani ya kila moja kwa ncha ya sindano. Nimegeuza, nimegeuza. Haipo. Huyo fundi wako amenipa bati."

Jirani Mama Brayo alikuwa mlangoni akichambua mrenda. "Na siku hiyo si alirudi na viatu vipya?"

"Viatu ni mtumba wa soko la Toi, Mama Brayo."

"Kwani Toi wanapeana bure?"

Nikampigia Odhiambo. Akacheka. "Leta nipige msasa, boss. Dakika mbili zinang'aa."

Mama Halima alikuwa tayari kukubali, angalau mjukuu asivae kitu cheusi. Nikamwomba asubiri. Msasa hula fedha yenyewe, na kama mistari ilikuwa chini ya ule weusi, ingeondoka nayo. Tusingejua kamwe kama ni zake. Odhiambo angebaki mwizi, na mimi dalali wake.

Nikaziangalia vizuri. Weusi haukuwa sawa kila mahali. Ulikuwa mzito kwa mapande, upana wa kidole kimoja. Nikachukua ile blada iliyobaki kwa mkebe, nikaizungusha tena. Ikakaa juu ya yale mapande sawasawa.

Wakuu, hapo nikaelewa. Mpira wa tube hutengenezwa kwa salfa ili uwe mgumu. Salfa ikikaa na fedha, inachukua elektroni za fedha, na juu inabaki ngozi nyeusi. Fedha kupoteza elektroni hivyo ndiyo oxidation. Kitu ninachoandalia Form Four kila mwaka!

"Mama, kosa si la fundi," nikasema. "Ni blada yangu."

Akanisukumia bangili. "Maneno nimesikia. Nionyeshe mistari."

Nikamwomba Mama Brayo sufuria yake ya alumini ya mrenda na magadi anayolainishia mboga hiyo.

"Ukitoboa sufuria yangu na hiyo kemia yako, utanipikia kwa mikono."

Nikaisugua ndani na steel wool mpaka ikawa nyeupe. Nikamimina maji yaliyochemka, vijiko viwili vya magadi na kimoja cha chumvi. Nikalaza bangili zikiwa zimegusa sufuria. Lazima ziguse, la sivyo umeme haupiti vizuri.

Ndiyo, umeme. Alumini huachilia elektroni kwa urahisi kuliko fedha. Magadi huondoa utando unaofunika alumini, na maji yale yanakamilisha njia. Elektroni zinatoka kwa sufuria, fedha inarudishiwa zilizochukuliwa. Hiyo ni reduction. Hakuna kinachokwanguliwa.

Mapovu yakaanza. Kisha harufu.

Mama Halima akaziba pua na mtandio. "Mnanipikia mayai viza nyumbani kwangu?"

"Ni salfa inatoka, Mama." Tukafungua mlango na dirisha. Sijawahi kufurahia uvundo hivyo.

Baada ya kama robo saa nikazitoa, nikasuuza, nikampa na kitambaa. Akafuta moja mwenyewe. Akaenda dirishani, akaigeuza polepole, akapitisha ukucha ndani.

Mmoja. Wa pili. Wa tatu.

Akafuta na ya pili, akahesabu mitatu tena. Mama Brayo akakimbilia sufuria yake.

Mwishowe Mama Halima akavaa moja. "Mwambie Odhiambo aje ale biriani ya harusi Ijumaa. Na wewe pia uje. Blada uache kwako."

Somo nililotoka nalo: fedha ikiwa nyeusi, usikimbilie msasa, na usikimbilie kumwita mtu mwizi. Uliza kwanza ilikaa na nini. Siku hizi mwalimu akifika hiyo mada, naingia darasani na bangili ya kuazima na kipande cha blada.

Kuna mwingine hapa aliwahi kushukiwa kwa kitu ambacho hakuiba? Ulijitoaje? Na wenye ujuzi wa kemia, kama nimekosea mahali nirekebisheni. Sufuria haikutoboka, lakini Mama Brayo bado anaikagua.