Kuitikia kwa Nguvu

Tulisoma Kiingereza mchana, sebuleni kwa mwalimu mmoja mstaafu, mtaani Kikula. Tulikuwa watu wazima tunaotafuta kazi kwenye migodi ya Kakanda. Somo halikubadilika: kitenzi kipi kinafuatwa na "to", kipi kinafuatwa na chenye "ing" mwishoni. Kanuni hakuna, alisema, ni kukariri tu. Akitaja "want", tunaitikia "to". Akitaja "enjoy", tunaitikia "ing".

"Kwa nguvu, bandugu. Hamusikike."

Tulipaza sauti mpaka koo zikawasha. Iliniudhi sana. Sikuona kwa nini nipige kelele kama mtoto wa shule ya msingi, tena madirisha yamefungwa kwenye joto lile. Siku moja nikagoma, nikakaa kimya. Ndipo nyayo zangu zikahisi: kila wenzangu walipoitikia, kitu kiligonga chini ya sakafu. Waliponyamaza, nacho kilinyamaza.

Nilielewa mara moja. Mtaani kwetu wengi walichimba madini kwa siri ndani ya nyumba zao. Wana wa mwalimu walikuwa wameanzia chumba cha kulala, na sasa shimo lilikuwa limefika chini ya benchi letu. Sauti zetu ndizo zilizowaficha.

Mwalimu aliniona nikiutazama ufa uliotoka mlangoni mwa chumba kile hadi miguuni pangu. Akavuta mkeka, akaufunika.

"Na weye," akasema polepole, "itikia na benzako."

Nikaitikia, miguu nimeikunja juu ya benchi.